Kioo cha Dereva

Baba yangu alifukuzwa kazi kwa kosa la kutazama maji. Nalisema hili mapema ili huko mbele usije ukamwonea huruma mzee mwingine, mwenye kiti cha magurudumu na mikono inayotetemeka. Huruma yako iweke akiba, utaihitaji kwingine.

Alikuwa dereva wa basi la hifadhi, lile la kijani lenye viti vya ngozi, lililowapandisha wageni kutoka hotelini hadi kwenye maporomoko ya maji. Wakati ule mgeni maana yake Mzungu. Sisi wengine tulikuwa na geti letu, la jikoni na kufulia, tuliingia asubuhi na kutolewa jioni. Kule juu, hatua chache kabla ya ukingo wa kutazamia, kulikuwa na mnyororo kati ya nguzo mbili, na juu yake ubao wa mti mgumu uliochongwa maandishi. Basi likifika, wageni walishuka, mnyororo ukafunguliwa, wakapita na kamera zao. Baba aligeuza basi, akaelekeza pua yake barabarani, akabaki kwenye usukani akiwa ameyapa maji mgongo. Amri ilikuwa hiyo: dereva atazame barabara. Miaka yote aliyasikia yale maji yakinguruma nyuma ya kisogo chake, shati likalowa manyunyu yake, na hakuwahi kuyaona.

Mpaka siku aliyoyaona kwenye kioo cha pembeni. Anasema jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, wageni wote wakashangilia kitu kwa pamoja, naye akashindwa kuvumilia. Akakisogeza kioo kidogo tu, kama mtu anayetaka kujua gari gani liko nyuma. Maporomoko yote yakaingia mle ndani, kutoka juu hadi chini, na upinde wa mvua katikati. Bahati mbaya mama mmoja wa kigeni alikuwa amevua viatu na kupandisha sketi ili atie miguu kwenye kijito. Akageuka, akaona macho ya dereva kwenye kioo, akapiga ukelele.

Mhifadhi Mkuu akaja. Wafanyakazi walimwita Bwana Mnyororo, kwa sababu ufunguo wa kufuli ya mnyororo ule aliuvaa shingoni, hata akienda kuoga. Akawapanga watumishi wote mbele ya basi, mama yangu akiwemo, maana alikuwa dobi wa hoteli. Akamsimamisha baba mbele yao.

"Nilikuwa natazama maji tu, bwana," baba akasema.

"Wote mnasema hivyo," Bwana Mnyororo akamjibu. Akakikunja kile kioo kwa mkono wake mwenyewe, akawageukia watumishi. "Mtazameni vizuri. Huyu ni Bwana Kioo. Anachungulia wake za watu."

Baba akashuka mlima kwa miguu, na jina likamtangulia nyumbani. Mimi nimekua nikiitwa binti Kioo. Shuleni nikiingia darasani wasichana walivuta sketi zao hadi magotini wakichekelea: "Jikalieni vizuri, mtoto wa Kioo kaja." Nilipigana sana. Meno yangu haya ya mbele si yale niliyoota.

Lakini kazi ni kazi, na nyingine ilipatikana. Baba aliendesha lori la mchanga hadi alipozeeka. Na matusi ya watoto huisha watoto wakikua. Nisichokisamehe ni kingine. Mama alihamia chumba chetu cha watoto, akalala nasi kwa muda mrefu, na baba akawa anakula peke yake. Nikiwa mtu mzima mama aliniambia mwenyewe, huku akikunja nguo bila kunitazama: "Nilimwamini yule Mzungu kuliko mume wangu." Mtu akikufukuza kazi, sawa. Akiingia kitandani kwako akalala katikati yako na mkeo, huyo mna hesabu naye.

Sheria ilipobadilika, mnyororo ukaondolewa na watu wakapanda mlimani kwa malori wakiimba. Baba hakwenda. "Aliyenifukuza ndiye atakayeniita," akasema. "Sipiti pale kama kuku aliyekuta mlango umeachwa wazi." Tulimbembeleza, wapi! Mama naye akaapa hatatia mguu kule bila mumewe. Kisha macho ya baba yakaanza kumsumbua, ile presha ya macho, giza likawa linamla kutoka pembeni kuja katikati. Leo haoni hata taa. Na bado alikuwa anangoja kuitwa.

Basi, mimi ni fundi mabango. Karakana yangu iko uani kwa wazazi, banda la mabati lenye meza ndefu, patasi zimepangwa ukutani kwa ukubwa, harufu ya vanishi haitoki hata ufanyeje. Asubuhi moja gari la hifadhi likasimama mlangoni. Akashuka meneja, mtu wetu kabisa, mchangamfu, amefunga tai na joto lote lile. Vijana wawili wakamfuata wamebeba ubao mrefu.

"Dada fundi, kazi ya heshima hii," akasema. "Hifadhi inafanya maadhimisho. Ukingo wa maporomoko tunaupa jina la Mhifadhi Mkuu wa zamani. Yu hai bado, unaweza kuamini? Anakuja mwenyewe na mwanawe. Bila yeye, dada yangu, mlima ule leo ungekuwa magunia ya mkaa."

"Bila yeye," nikasema.

"Ubao huu tumeukuta stoo. Mti wa enzi zile, huupati tena. Ubandue rangi, uchonge jina lake. Na tumepata kitu kingine, hiki kitakufurahisha." Akafungua gunia alilolishika. Ndani mlikuwa na mnyororo wenye kutu, kufuli yake na ufunguo. "Mambo ya kukata utepe yamepitwa na wakati. Huu ulikuwa pale zamani, wa usalama nadhani, watu wasiteleze. Tutaufunga tena, na mzee mwenyewe ataufungua. Si itapendeza?"

Nilimkazia macho nione kama ananifanyia mzaha. Wala. Alipozaliwa mnyororo ulishakuwa stoo, na kama aliwahi kuambiwa habari zake basi ziliingia sikio hili zikatokea lile.

"Itapendeza mno," nikamwambia.

Ubao ule niliujua. Upande wa mbele uliandikwa KARIBUNI NYOTE kwa rangi ya njano, na aliyeandika alikuwa fundi aliyenifundisha kazi. Sheria ilipobadilika aliambiwa aondoe ubao wa zamani aweke mpya. Mti mzuri namna ile aliona uchungu kuutupa. Akaziba maandishi ya kuchongwa kwa puti, akapaka rangi ya kijani juu yake, akaugeuza, uso wa zamani ukatazama nguzo. Mabango yote ya hifadhi aliyafanya hivyo. Alinihadithia akicheka hadi akakohoa: "Tuligeuza mbao, mwanangu, tukaambiwa nchi imebadilika."

Nilianza na kazi niliyopewa. Nikabandua rangi ya njano, nikapiga msasa, nikachonga jina la Bwana Mnyororo. Jina lenyewe silitaji hapa. Nimeshalichonga mara moja, yatosha. Nililichonga vizuri, herufi zimesimama wima, maana mimi kazi mbovu sitoi hata kwa adui. Meneja alikuja akaliona, akapiga picha, akaondoka anatabasamu. Alipokwisha kuondoka nikaugeuza ubao, nikachukua patasi nyembamba kuliko zote, nikaanza kuichokonoa ile puti.

Ilitoka kama ukoko wa sufuria. Herufi baada ya herufi. Mama aliingia na chai, akaiweka mezani, akainamia ubao.

"Kumbe ni maneno machache hivi," akasema. "Sikuwahi kuyasoma. Tulikuwa tunasomewa. Kila asubuhi kabla ya kazi anatupanga pale, anatusomea, hata sisi tuliojua kusoma. Na alikuwa na sauti nzuri, mbwa yule."

Akaenda kumleta baba. Hakuniuliza kama nataka aletwe. Baba akaweka kiganja juu ya ubao, akautembeza mkono wake polepole, vidole vikaingia kwenye mifereji ya herufi. Alipofika mstari wa chini alisimama.

"Ma-de-re-va," akasoma. "Unataka kuufanya nini huu?"

"Nitautundika pale pale."

"Upande upi?"

"Upande wake wa zamani."

Nilidhani atanikataza, na nilishajiandaa kumkatalia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Badala yake akamgeukia mama. "Lile koti langu jeusi lipigwe pasi."

"Kwani umeitwa?" mama akamuuliza.

"Bado," akasema.

Siku ya siku nilipanda mlimani mapema na ubao wangu umezungushiwa shuka jeupe. Wafanyakazi wawili wa hifadhi, watu wazima, walinishikia ngazi. Nilipoinua ubao shuka likasogea, wakaona. Wakatazamana. Mmoja akachukua spana mkononi mwangu, akazikaza nati hadi mti ukalia.

Watu wakajaa. Turubai, viti vya plastiki, spika zinazokoroma, wanafunzi waliosimamishwa juani, waandishi wa habari na kamera zao. Nikawakalisha wazazi wangu mstari wa mbele kama vile tumealikwa. Kijana wa itifaki akaja kutuondoa. Mama akamtazama tu, kijana akaenda zake.

Gari la mgeni wa heshima likafika, likageuzwa, likaegeshwa pua barabarani. Hadi leo magari yote pale yanaegeshwa hivyo. Ukiuliza kwa nini, wanakwambia ndio utaratibu.

Miaka yote nilimjenga kichwani mwangu mtu mrefu mwenye buti. Waliyemtoa garini kwenye kiti cha magurudumu alikuwa kizee, shingo imebaki ngozi tupu, blanketi magotini, mwanawe anamfuta mate kwa leso. Nilikasirika. Nilikasirika kwamba amezeeka bila ruhusa yangu, kwamba nimekuja kupigana na mtu ambaye ukimpulizia anaanguka. Kwa kitambo kidogo nilimtafuta yule mfanyakazi mwenye spana nimwambie tuushushe. Halafu nikamwona baba kwenye kiti chake, uso kauelekeza barabarani. Kwenye maji hakuuelekeza, ingawa maji yalikuwa yananguruma kulia kwake. Hakuwa ameitwa. Nikakaa.

Meneja alisema mengi: baba wa mlima huu, mlezi wa msitu, mtu wa maono. Makofi. Kisha mwana akampa mzee kamba, mzee akavuta, shuka likaanguka.

Makofi yalianza, yakafa. Yakabaki maji peke yake.

"Kuna... samahani, kuna hitilafu ndogo," meneja akasema kwenye kipaza sauti. Akaokota shuka, akaanza kurukaruka kulirudisha. Niliutundika juu, nilijua urefu wake. Hakuufikia.

Hapo mpango wangu ulikuwa umeishia. Nilitaka waone, basi. Lakini baba akasimama, amevaa koti lake, mkono mmoja begani kwa mama.

"Kimeandikwa nini?" akauliza kwa sauti. "Mimi ni kipofu. Mhifadhi, nisomee. Zamani ulikuwa unatusomea kila asubuhi."

Yule mzee alipokisikia cheo chake kikitajwa aliinua kichwa. Akapapasa miwani mfukoni, akaivaa, akatazama juu. Na sauti ikamtoka. Sijui ilikuwa imehifadhiwa wapi katika mwili ule, lakini ilitoka nzima, nene, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na maikrofoni ya meneja ikaibeba hadi barabarani.

"Wazungu tu kupita mnyororo huu. Wafanyakazi wabaki nyuma. Madereva wabaki garini na watazame barabara. Kwa amri ya Mhifadhi Mkuu."

Alisoma bila kukwama, na alipomaliza alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamtazama mama yangu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alikuwa amenyoosha mgongo na kubana visigino pamoja, mikono chini. Hakujua amefanya hivyo. Alipojigundua alitema mate chini, mbele ya wote, na machozi yakamtoka kwa hasira. Ile huruma yangu ya dakika chache zilizopita, kama ilikuwepo, iliishia pale.

Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Mwana aliinama, "Baba, nyamaza, tafadhali." Ndipo mzee akaanza kututazama, mmoja mmoja, akaona nyuso zetu. Uso wake ukabadilika rangi.

Mwandishi mmoja wa kike akamsogezea kinasa sauti. "Mzee, amri hiyo ilikuwa yako?"

"Nyakati zilikuwa hivyo," akasema.

"Nyakati hazikuvaa ufunguo shingoni," baba akasema.

Akamwacha mama, akatembea mwenyewe huku mkono umetangulia, hadi mkono ukaukuta mnyororo. Akaushika. "Ulinifukuzia hapa hapa," akasema. "Sasa fungua. Uniite."

Mzee akamtazama mwanawe, mwanawe akamtazama meneja, meneja akatazama viatu vyake. Kiti kikasukumwa hadi kwenye nguzo. Nadhani mwana alitaka tu yaishe. Mzee akapewa ule ufunguo, ukahangaika kwenye kufuli, ukakosa tundu, ukakosa tena, na hakuna mtu aliyenyoosha mkono kumsaidia. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Nilikunja mikono yangu kifuani nikatazama. Mnyororo ukaanguka.

"Pita, dereva," akasema kwa sauti ndogo.

"Nina jina."

Alilitafuta. Midomo ilichezacheza, na kwa kweli alijitahidi, lakini hakuwa nalo. Pengine hakuwahi kuwa nalo. Baba alimngoja kwa adabu zote.

"Basi niite lile ulilonipa."

"Pita," mzee akasema. "Pita, Bwana Kioo."

Baba akapita. Mama akamkimbilia akamshika mkono, nami nyuma yao, na nyuma yangu watu wote, wanafunzi, waandishi, wale wafanyakazi wawili walionishikia ngazi. Meneja alinikamata kiwiko njiani. "Kazi ya hifadhi hupati tena! Unasikia? Kamwe!" Nikamwambia mabango yake yote yana mgongo, ayageuze ayasome akipata nafasi.

Pale ukingoni manyunyu yalimpiga baba usoni na hakuyafuta. Alisimama akiinua kidevu, maji yakimtiririka kwenye kola iliyopigwa pasi.

"Ni makubwa kuliko kwenye kioo?" akauliza.

Mama alikuwa anayaona kutoka ukingoni kwa mara ya kwanza. "Makubwa," akasema. "Mume wangu, nisamehe. Mimi nili..."

"Nieleze kwanza," baba akasema. "Anzia juu."

Akaanza kumweleza. Nikawaacha, maana yale hayakuwa yangu.

Nilirudi kuchukua spana na ngazi. Uwanja ulikuwa mtupu. Mwana alikuwa anagombana na meneja nyuma ya turubai. Dereva wao alikuwa amefunga mlango akaenda kutazama maji kama watu wengine wote. Mzee walikuwa wamemrudisha garini, kiti cha mbele, dirisha wazi, pua ya gari barabarani. Shingo yake haikuweza kugeuka.

Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha. Ulikuwa unakisukuma kioo cha pembeni, polepole, kidogo kidogo, ukitetemeka. Nikasogea. Ndani ya kioo maporomoko yalikuwa yamejaa kutoka juu hadi chini, na chini yake watu wangu, wadogo wadogo. Kisha akaniona mle mle, macho yake yakakutana na yangu, na mkono ukaruka kama umeungua.

"Nilikuwa natazama maji tu, binti," akasema.

"Wote mnasema hivyo," nikamjibu.

Nikakikunja kioo hadi kikagonga mlango, nikarudi kwa wazazi wangu. Mama alikuwa bado anaeleza.